Wembe wa Yahaya na Nyuso Arobaini na Mbili

Katika studio ya Yahaya hakuna aliyewahi kuwa mbaya. Uliingia pale avenyu ya sita, Bwiza, hapa Bujumbura, na chunusi zako, na kovu lako la kuanguka baiskeli, na macho mekundu ya pombe ya jana, na baada ya siku tatu ulitoka umeshika foto ya mtu ambaye mama yako angefurahi zaidi kumzaa. Watu walisema Yahaya anamsaidia Mungu kumalizia kazi. Shehe mmoja alikasirikia maneno hayo, akayakemea Ijumaa mbele ya wote, lakini ile foto yake iliyotundikwa juu ya kabati nyumbani kwake ilikuwa imepunguzwa mashavu yote mawili.

Mwenyewe Yahaya alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kipara na sauti ya kuomba radhi. Alikuwa na miaka hamsini na kitu mwaka huo wa elfu mbili. Vita vilikuwa na miaka saba na vilikuwa na afya njema kuliko sisi.

Kazi yake aliifanya kwa vitu viwili, penseli na wembe. Aliketi mbele ya kioo chenye taa nyuma yake, akaweka nega, ile filimu ya foto, juu yake, akashika lenzi kama fundi saa. Kwenye nega mambo huwa kinyume: cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi. Mikunjo ya paji la uso, doa jeusi, alama ya jeraha la kisu, hivyo aliviziba kwa penseli, nukta nukta, mpaka ngozi ikawa kama yai. Lakini kovu linalong'aa, kama la moto, penseli hailiwezi. Hilo alilikwangua kwa ncha ya wembe, polepole, akiwa ameshika pumzi. Tofauti ya vitu hivyo viwili ni hii tu, na msomaji aishike: cha penseli ukikipitishia pamba yenye spiriti kinatoka. Kilichokwanguliwa hakirudi.

Chini ya meza alikuwa na kopo kubwa la biskuti. Ndani yake mlikuwa na nega za watu waliopigwa foto na hawakurudi kuzichukua. Tangu tisini na tatu kopo lile lilikuwa linajaa; tangu ile wiki ya Machi tisini na tano, Bwiza ilipomwagika kuelekea Uvira, ng'ambo ya mpaka, kifuniko hakikufunga tena. Mchana usio na mteja Yahaya alitoa nega moja, akaiweka kwenye kioo, akaendelea kuisafisha. Kuna bwana arusi mmoja mle aliyesafishwa miaka mitano mfululizo.

"Baba Hayat," mke wake Zubeda alimwambia siku moja akimletea chai, "huyu unamusafishia nani? Bibi arusi mwenyewe alishaolewa Tanzania."

"Akirudi akute iko tayari."

"Akirudi hatajijua."

Yahaya alicheka. Zubeda hakucheka. Alisema baadaye kwamba hapendi kufagia chumba kile. Akiinama na ufagio anahisi watu wamejipanga nyuma yake wanangojea zamu.

Basi mwaka huo likaja shirika. Yalikuwa mengi wakati ule, kila moja na gari jeupe na kibendera, lakini hili lilikuwa na kazi ya maana: kuwatafutia watoto jamaa zao waliopotezana nao katika kukimbia. Lilikuwa na kituo kule Kinama, kaskazini ya mji, chenye watoto arobaini na wawili, na ofisi mjini karibu na soko kuu. Mkuu wa mawasiliano alikuwa Fortunat, kijana wa suti, aliyesoma Ubelgiji miezi minne na hakuacha kuisimulia. Fortunat alitaka foto ya kila mtoto, zibandikwe kwenye ukuta wa soko, na nyingine ziwekwe kwenye albamu ya ofisini. Hakuna majina, namba tu. Jina siku zile lingeweza kumwambia mtu mbaya kitu asichopaswa kujua.

Yahaya alikwenda Kinama na kamera yake na koti la buluu.

Koti hili lazima lielezwe. Lilikuwa koti la studio, vifungo vya rangi ya dhahabu, nusu ya Bwiza imeoa ndani yake. Kwetu mtoto hapigwi foto hivihivi. Anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavalishwa. Foto ya mtoto mwenye matambara ni tusi kwa mama yake. Ni kama kutangaza kwamba mama huyo hayupo duniani. Yahaya alikuwa na adabu. Watoto arobaini na wawili waliingia katika koti lile mmoja baada ya mwingine, likabanwa mgongoni na vibanio vya nguo, nyuso zikang'aa kwa mafuta. Aliporudi studio alifunga mlango wiki mbili. Watoto wale walikuwa na alama nyingi, na hakuna hata moja waliyoipata kwa kucheza. Akazitoa zote. Thelathini na watatu kwa penseli. Tisa kwa wembe.

Zubeda alimsikia mle ndani akisema peke yake, kila baada ya muda, "Pole. Pole. Imekwisha."

Alipopeleka nakala kituoni, msichana mmoja wa miaka saba au nane, namba kumi na saba, aliishika foto yake kwa ncha za vidole.

"Huyu ni nani?"

"Ni we, mwanangu. Ona ulivyo muzuri."

Mtoto aliitazama sana. "Apana," akasema. "Huyu amekufa." Akamrudishia foto kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyorudisha sahani nyumba ya jirani.

Yahaya alimsimulia mke wake jambo hilo kama kichekesho. Alilisimulia mara tatu jioni ileile.

Foto zikabandikwa sokoni. Nyuso arobaini na mbili, laini, zilizotulia, macho meupe pe, zote ndani ya koti moja la buluu. Miezi minne zikakaa pale. Unajua wangapi walikuja ofisini kwa sababu ya ukuta ule? Mmoja. Aliitwa Jérémie, alikuja mbio, akihema, akaelekeza kidole namba thelathini na moja.

"Lile koti! Nilioa nalo tisini! Iko wapi? Moyo wangu umelala kwenye mufuko wa ndani, barua ya bibi yangu!"

Hakuwa amepoteza mtoto.

Waliobaki walianza kuupita ukuta kwa mbali. Habari ilianzia kwa wauza nyanya: wale watoto hawatafutwi, wale ni maiti. Mtu hai gani ana uso usio na hata kidoti, mwaka huu, Bujumbura hii? Shirika limewaosha, limewavalisha vazi moja la maziko, linawaonyesha. Wanawake walifunika macho ya watoto wao wakipita. Mwendawazimu mmoja wa soko, aliyelala popote, pale hakulala.

Chini kabisa ya ukuta ule, kwa sababu nafasi ilikuwa tupu na hakuna aliyeitaka, alikaa mama mmoja akiuza ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwani. Aliitwa Scholastique. Alikuwa ametoka upande wa Uvira mwaka wa tisini na sita na mjukuu mgongoni, akapanga chumba mtaa wa Kanyosha, na siku ya kukimbia Kanyosha mkono wa mjukuu ulimponyoka katika watu. Mjukuu huyo aliitwa Orpha. Alikuwa ndiye mtu wa mwisho aliyembakia, na hii si namna ya kusema: aliwahi kuhesabu. Baadaye alirudi Kanyosha, na kila asubuhi alitembea kutoka huko na beseni kichwani, akakaa chini ya ukuta, akaupa mgongo, kwa sababu na yeye hakupenda kutazama maiti.

Alikuwa amekwisha kwenda ofisini, bila shaka. Kule alipokelewa na Benite, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na jamaa na kuwafunulia albamu ukurasa kwa ukurasa. Kituoni Kinama Benite hakuwahi kwenda. Gari lilikuwa la wakubwa.

"Mujukuu wangu iko na kovu la moto," Scholastique alimwambia. "Uji ulimumwagikia. Ni mi nilipika ule uji."

Benite akaandika. Akafunua. Arobaini na mbili.

"Hayupo," Scholastique akasema. "Bote hawa ni batoto ba batajiri."

Kwa hiyo shirika likakaa kutafakari kwa nini watoto hawachukuliwi, na jibu likapatikana haraka: vifaa. Vifaa ni vya zamani! Ikaitishwa semina ya siku tatu hotelini kando ya ziwa, ya kuchagua vifaa vya kuhariri picha, video na sauti, pamoja na mtaalamu aliyeletwa kwa ndege, mishikaki, na karatasi kubwa za ukutani. Yahaya alialikwa kama mtu wa fani, akakaa nyuma na daftari.

Mtaalamu alichora jedwali. Kifaa hiki kina nini, kile kina nini, kipi ni rahisi kujifunza. Kwa sauti wakachagua programu inayoondoa kelele. Tangazo la kwanza la redio lililotengenezwa nayo lilitolewa kikohozi, kigugumizi na ile lafudhi ya Kanyosha, na mtoto akasikika kama mtangazaji wa hali ya hewa. Kwa video wakachagua mashine ya kuunganisha kanda, na Fortunat akaongeza muziki wa filimbi. Kwa foto ikachaguliwa programu ya kompyuta, na hapo Yahaya aliinuka kitini bila kujijua. Kulikuwa na muhuri mle ndani. Unabonyeza ngozi nzuri ya shavuni, unaigonga juu ya ngozi mbaya, basi, kovu hakuna. Sekunde mbili! Kazi ya maisha yake yote, sekunde mbili, bila kushika pumzi.

"Muna maswali?" Fortunat akauliza.

Benite alinyoosha mkono. "Hizi foto ni za kutazamwa na nani?"

"Nani namna gani, dada?"

"Wafadhili wanataka mutoto wa kuwaliza. Mzee Yahaya anataka mutoto wa harusi. Mi niko na mama pale ofisini, anataka mutoto wake. Tunachagua mashini ya nani?"

Fortunat akasema hilo ni swali zuri sana, akaliandika kwenye karatasi kubwa, pembeni, ndani ya kiduara. Wakaenda kula.

Kompyuta ikaja. Foto arobaini na mbili zikaingizwa ndani, zile zile zilizokwisha kusafishwa, na Fortunat akazisafisha tena kidogo.

Halafu, mwisho wa Februari mwaka uliofuata, vita viliingia Kinama.

Sitaeleza siku zile; aliyekuwepo anazijua na asiyekuwepo atadhani naongeza chumvi. Watu wa kaskazini walishuka mjini na magodoro. Kituo kikatawanyika. Walezi walishika watoto waliowashika, wengine wakaenda na umati, kwenye viwanja vya shule, kwenye ua wa kanisa, kwenye vibaraza. Daftari la kituo liliungua. Kilichobaki cha kuwatambulisha watoto wale duniani kilikuwa kazi ya Yahaya.

Benite aliichukua albamu akazunguka nayo kwa miguu. Siku ya tatu, kwenye uwanja wa shule, mvulana alimvuta nguo. Alikuwa na alama nene ya kisu kutoka kwenye nywele mpaka kwenye nyusi.

"Mama, mi ni namba nane."

Benite akafungua namba nane. Akatazama foto, akamtazama mtoto. Akafunga albamu na kwenda moja kwa moja Bwiza, na Zubeda anasema hakubisha hodi.

"Mzee Yahaya. Ulifanya nini na nyuso za watoto?"

Yahaya hakuelewa. "Niliwapendezesha."

"Uliwafuta."

"Dada yangu, ungetaka mama amukute mwanaye vile? Na vile vidonda? Kwenye ukuta, watu wote wanatazama?"

"Ni vile vidonda mama anavyovijua! Pua kila mutoto iko nayo!"

Yahaya akakaa. Kisha akainuka, akatoa chupa ya spiriti na pamba, akaenda chumba cha giza, na Benite akamfuata.

Alianza na namba nane. Akaipaka pamba, mara moja, mara mbili, na ile penseli ikalegea ikatoka kijivu. Akaiweka nega kwenye mashine, akaangaza karatasi, akaizamisha katika dawa. Chini ya taa nyekundu uso ulipanda kutoka kwenye weupe, kwanza macho, kisha koti, na mwisho kabisa, kama mtu anayechelewa kwa makusudi, jeraha. Lilikuja taratibu kutoka kwenye nywele mpaka kwenye nyusi. Yahaya akatoa sauti ndogo.

Walifanya hivyo mchana kutwa. Thelathini na watatu. Kila mmoja alikuja kimya ndani ya beseni akiwa safi, na kila mmoja alipatwa tena na lililompata, mbele ya macho yao. Benite alihesabu kwa sauti. Kuanzia ishirini aliacha kuhesabu.

Zilibaki tisa. Yahaya aliweka namba kumi na saba kwenye kioo, akasugua, akasugua tena. Hapakutoka kitu. Pale palipokwanguliwa filimu ilikuwa na ukungu mwembamba, basi.

"Huyu alikuwa na nini?"

"Moto. Kovu la moto."

"Wapi?"

"Shavuni."

"Shavu gani, mzee?"

Yahaya aliitazama nega. Alikuwa amekaa na shavu lile saa tatu nzima, lenzi jichoni, karibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kumkaribia mtoto yule, na hakukumbuka. Mkono ulikuwa umefanya kazi. Yeye alikuwa ametazama pembeni.

"Kovu la moto," Benite akasema polepole. "La uji?" Akachukua kanga yake akatoka.

Wakati Benite amekwenda sokoni kumwita Scholastique, Yahaya alikimbilia ofisini kwa Fortunat, maana labda kompyuta imetunza. Haikutunza. Ilikuwa na ile iliyosafishwa mara mbili. Lakini Fortunat alifurahi kusaidia: kati ya foto mpya alizokuja nazo Yahaya akaingiza ile ya namba thelathini, ambaye kovu lake la kidevuni lilikuwa limekwisha kurudi, akalichukua kwa muhuri, akaligonga kwenye shavu la namba kumi na saba.

"Tayari. Kovu ni kovu, mzee."

Msichana aliwatazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta na jeraha la mtoto mwingine usoni. Yahaya, mpole yule, alinyoosha mkono akachomoa waya ukutani.

Scholastique alifika studio na harufu ya ndagala na beseni lake, hakukubali kuliacha. Alikalishwa kwenye kiti cha wateja. Yahaya alichukua foto ya namba kumi na saba, brashi nyembamba, rangi nyeupe na kijivu.

"Mama, nionyeshe. Usiguse uso wako, utanipoteza. Gusa hii foto."

"Huyu hapana mujukuu wangu."

"Najua. Nionyeshe tu."

Mama akaweka kidole. Shavu la kushoto, karibu na sikio. Yahaya akapaka.

"Apana, ni ndogo. Inashuka. Kama maji yanashuka. Hapa inakatika, halafu tena kidogo, karibu na mudomo... We unafanya kubwa, mzee! Uji ulikuwa kidogo. Ilikuwa kikombe kimoja tu."

Yahaya aliyeishi kwa kuondoa, kwa mara ya kwanza aliweka. Alifuta, akaanza upya, mara nne. Zubeda alisimama mlangoni na chai iliyopoa.

Mara ya tano Scholastique aliondoa kidole. Aliinamia foto, akaitoa mikononi mwa Yahaya, akaiweka kwenye mapaja, akalifunika koti kwa kiganja ili ibaki sura tupu.

"Orpha," akasema. "Nilikupa mugongo."

Miezi minne. Kila siku, kutoka asubuhi mpaka saa kumi, mtoto alikuwa juu ya bega lake.

Orpha alipatikana siku ya tisa, Buyenzi, kwenye kibaraza cha mwanamke aliyeshona magunia. Mwanamke huyo alikuwa amepitiwa na albamu ya kwanza akasema hamjui mtoto kama huyo. Kwa foto yenye kovu aligeuka tu akaita ndani. Scholastique hakulia. Alimkamata mtoto kifundo cha mkono, akavua kilemba, akafunga mkono wake na wa mjukuu pamoja, mafundo mawili, wakatembea hivyo hadi Kanyosha.

Wakaja studio wiki iliyofuata, wamefungwa vilevile. Yahaya hakulitoa koti. Alimwonyesha mtoto ile foto aliyoipaka rangi.

"Huyu ni mi," Orpha akasema. Kisha akaangalia ukutani, nyuma ya kioo. "Na ule mwingine, ule alikufa, ulimupeleka wapi?"

Yahaya alizima taa ya kioo.

Hao wengine wanane wa wembe hawakupata mtu wa kuonyesha kwa kidole. Mwingine kovu lake lilikuwa jichoni, au lilikuwa shingoni, hakuna aliyetazama. Foto zao zingali pale avenyu ya sita, watoto wanane wazuri kupita kiasi, na ukipita mchana mlango ukiwa wazi utamwona Yahaya amekaa mbele yao na pamba kavu mkononi. Wembe aliutupa chooni. Kopo la biskuti amelimaliza: bwana arusi amerudishiwa mikunjo yake yote, na Zubeda sasa anafagia mle bila kugeuka nyuma, isipokuwa upande ule wa wanane.

Shirika liliitisha semina nyingine, hoteli ileile. Wakamwomba Yahaya apendekeze kifaa kimoja. Alisimama, akasema kwa sauti yake ya kuomba radhi kwamba nunueni mnachotaka, lakini kabla hamjagusa uso wowote wekeni mbali ule wa kwanza, mahali ambapo mkono wenu haufiki. Fortunat akasema ni wazo zuri sana. Akaliandika pembeni, akalizungushia kiduara.